Beki naye ni mtoto: mabao siyo kipimo pekee

Kwenye viwanja vya Tunduma, Vwawa na Mlowo, swali la kwanza la mzazi baada ya mechi huwa moja: umefunga mangapi? Mtoto anayecheza beki hana jibu la swali hilo. Timu ikifungwa, ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole, hasa kwenye mtoano, ambako ukipoteza unarudi nyumbani.

Je, mtoano unahitaji zaidi washambuliaji au mabeki?

Mwaka 2023 Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Dar es Salaam walifungwa 2-1, kisha wakashinda 1-0 Algiers. Jumla ikawa 2-2, wapinzani wakabeba kombe kwa faida ya mabao ya ugenini. Yanga wangezuia bao moja tu nyumbani, kombe lingekuja Jangwani.

Lakini waulize jirani zetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Februari 2012, Zambia walikutana na Ivory Coast katika fainali ya Afrika mjini Libreville. Ivory Coast hawakuruhusu bao hata moja mashindano yote, fainali ikiwemo. Ila Didier Drogba alikosa penalti, dakika 120 zikaisha 0-0, na Zambia wakashinda kwa matuta 8-7.

Ulinzi mzuri huibakiza timu mashindanoni, lakini lazima mtu afunge. Hakuna namba ya kudharau.

Kwa mzazi, hili ni suala la afya pia. Mtoto anayelaumiwa kila timu inapofungwa anaweza kuanza kulalamika tumbo siku ya mechi, kukosa usingizi au kukataa mazoezi. Usikimbilie kumwita mvivu. Kaa naye, umsikilize. Dalili zikiendelea, mpeleke kituo cha afya.

Mkumbushe kuwa kabla mpira haujamfikia beki, kuna mshambuliaji aliyeupoteza na kiungo aliyeshindwa kukaba. Kama bado yuko shule ya msingi, mwombe kocha ampe nafasi ya kujaribu namba tofauti.

Na akirudi jioni na vumbi miguuni, anza na maji ya kunywa. Kisha muulize: leo umezuia nini, na umefurahia nini?