Dagaa wa Kigoma: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Safari ya Mwaloni

Mnunuzi wa Kariakoo huwaona dagaa wa Kigoma wakiwa wamekwisha kukauka na kutiwa guniani. Lakini chama kinachotuma wajumbe kwenda kununua huko, mwendo wa reli wa kilomita zipatazo 1,250, chaweza kupoteza fedha za wanachama kwa nauli na posho tu, iwapo katibu hakufahamu desturi za wavuvi.

Jambo la kwanza ni mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Hapo zamani wavuvi walitumia mienge ya moto, kisha karabai. Siku hizi taa za umeme wa jua zimeenea. Dagaa hukusanyika penye mwanga, nao huzingirwa kwa nyavu. Mbalamwezi inapong'aa, taa hupoteza nguvu yake, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu na mitumbwi. Kwa hiyo wajumbe hawana budi kufika wakati wa giza.

Jambo la pili ni likizo ya ziwa. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga ziwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Yafaa katibu aulize Idara ya Uvuvi kabla ya kukata tiketi.

Jambo la tatu ni mgawanyo wa kazi. Katika mialo kama Kibirizi na Katonga, mwenye chombo, mabaharia wake na wakaushaji ni watu mbalimbali. Alfajiri wanawake wengi hununua dagaa wabichi na kuwaanika. Basi malipo ya awali aliyopewa mwenye chombo hayamfungi mama aliyekausha dagaa. Mapatano yafanywe na mwenye mali, mbele ya viongozi wa mwalo, na stakabadhi itolewe. Dagaa walioanikwa juu ya vichanja huwa safi. Walioanikwa chini huchukua mchanga, na mizani haitofautishi mchanga na dagaa. Gunia lifunguliwe na kukaguliwa hadi chini kabla ya kupimwa.

Mwisho, adabu. Watu wa Kariakoo si wageni kabisa huko. Ujiji ni mji wa kale wa Waswahili, na Wamanyema waliopitia huko ndio walioacha jina lao katika Msikiti wa Manyema hapa Dar es Salaam. Mjumbe asalimu wazee kwanza, aulize hali ya ziwa, ndipo ataje bei. Mwenye haraka huuziwa dagaa waliobaki.

Halmashauri ya chama iyajadili mambo haya na kuyaandika katika muhtasari kabla ya kuidhinisha safari.