Jino la kupandikiza: Kiungo kidogo chenye hasara kubwa

MKULIMA wa Milanzi, mjini Sumbawanga, anayeuza mahindi ili alipie jino la kupandikiza, huulizia bei ya vitu viwili: skrubu inayozikwa ndani ya mfupa wa taya na kofia ya jino inayoonekana mdomoni. Kitu cha tatu, kinachoviunganisha hivyo viwili, hakiulizii. Madaktari wa meno hukiita abatimenti, na mara nyingi ndicho kinachoamua kama fedha zake zimekwenda vizuri.

Ufundi huu ulianza kwa binadamu nchini Sweden mwaka 1965, chini ya Per-Ingvar Brånemark, aliyegundua kuwa mfupa hushikamana na madini ya titani. Skrubu na sehemu zake huagizwa kutoka nje, hivyo bei yake hufuata dola na yuro.

Abatimenti ziko za aina mbili sokoni. Zile za kiwandani huja tayari kwa vipimo maalumu na ni rahisi zaidi. Zinatosha pale skrubu iliposimama wima na ufizi ni mnene. Za kuchongwa hutengenezwa kwa kipimo cha mdomo wa mgonjwa na hufaa pale skrubu ilipolala upande, au jino likiwa la mbele.

Kuhusu malighafi, titani ndiyo imara, lakini weusi wake huweza kuonekana kupitia ufizi mwembamba. Zirkonia ni nyeupe, ila ikiwa nyembamba huvunjika. Baadhi ya mafundi huweka zirkonia juu ya kitako cha titani ili kupata faida zote mbili. Kwa gego la nyuma linalotafuna mahindi ya kuchoma, kulipia weupe ni kutupa fedha.

Suala kubwa zaidi kwa mtu wa Ufipa ni namna kofia inavyoshikizwa. Ikishikizwa kwa gundi, gundi iliyobaki chini ya ufizi huleta uvimbe na hatimaye huweza kula mfupa. Tena, skrubu ya ndani ikilegea, kofia huenda ikabidi ikatwe. Iliyofungwa kwa skrubu hufunguliwa, husafishwa na kukazwa tena. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na Dar es Salaam ni zaidi ya 1,100. Nauli na malazi ya safari moja ya ziada si fedha ndogo. Hata hivyo, kama tundu la skrubu litatokeza upande wa mbele wa jino, daktari anaweza kulazimika kutumia gundi au abatimenti ya pembe.

Jambo la mwisho ni chapa. Abatimenti ya kiwanda kimoja kwa kawaida haiingii kwenye skrubu ya kingine, na ya kuigiza inaweza kuingia bila kukaa sawasawa. Nafasi ndogo sana hulegeza skrubu na kuingiza vijidudu. Mnunuzi adai bei iliyochanganuliwa kwa kila sehemu, pamoja na kadi yenye jina la kiwanda, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Miaka kumi baadaye, daktari mwingine hataweza kuagiza sehemu inayofaa bila maelezo hayo, kwa hiyo kadi ikae pamoja na hati za shamba.