Giza la Ujiji, Kitoweo cha Tabora

Tabora haina ziwa, lakini ladha ya ziwa imo majumbani mwake. Muuzaji wa dagaa sokoni akisema "hawa wa Kigoma", amekwisha kukutajia bei: ni ghali kuliko wa Mwanza, na mnunuzi anajua kwa nini. Ukiwaunga dagaa hao kwa mawese, ambayo nayo hutoka huko huko, unakula mzigo wa njia ya kale: kutoka Ujiji, kupita chemchemi za chumvi za Uvinza, hadi Unyanyembe, eneo la Tabora. Zamani mizigo ya njia hiyo ilikaa mabegani mwa wapagazi. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo ikapanda treni.

Huko njia inakoanzia, kwenye Ziwa Tanganyika, maisha hupimwa kwa mwezi. Siku za giza ndizo siku za kazi. Mitumbwi hutoka jioni, taa huwashwa juu ya maji meusi, dagaa hukusanyika chini ya mwanga, wavu huinuliwa. Mbalamwezi ikijaa, taa haina nguvu tena. Nyavu hushonwa, mitumbwi hukarabatiwa, baba huonekana nyumbani usiku. Kabla ya karabai kulikuwa na moto wa kuni na lusenga, wavu wa kuchotea wenye mpini mrefu. Leo taa nyingi ni za betri na za jua. Taa zimebadilika, giza ni lile lile.

Alfajiri ufuko ni wa wanawake. Hununua, huanika mchangani au kwenye chanja, na jicho moja huwa angani, kwa kuwa mvua ya saa moja huweza kuharibu mtaji wa wiki nzima.

Mvuvi mzee husoma upepo, rangi ya maji na nyendo za migebuka, samaki wanaowafuata dagaa ili wawale. Kuhusu upepo, sayansi inakubaliana naye kabisa. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na rutuba yake imelala chini, mahali pasipo na hewa ya oksijeni. Upepo wa kusini, unaovuma kuanzia Mei hadi Septemba hivi, ndio unaoyakoroga maji na kuipandisha rutuba hiyo. Vijimea vya majini huipata, vidudu hula vijimea, dagaa hula vidudu. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, hukaa kama kifuniko, na upepo hushindwa kuyakoroga. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa vijimea ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Wingi wa nyavu nao una lawama yake, lakini si lawama yote ya kubebeshwa mvuvi.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Nakubali kwamba ziwa linahitaji kupumzika. Lakini miezi mitatu ni mingi kwa nyumba inayokula kwa giza moja hadi jingine, na mwenye nyumba hiyo anastahili kusikilizwa kabla ya tarehe kupangwa.

Wainuit wa Alaska waliwahi kupitia jambo kama hili. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwapiga marufuku kuwinda nyangumi wa aina ya bowhead, kwa kuwa wataalamu walihesabu wachache mno. Wawindaji wakasema wengi hupita chini ya barafu, asipowaona mwenye kuhesabu. Vinasa sauti viliposhushwa majini katika miaka ya 1980, ikathibitika kwamba wawindaji walisema kweli.

Ninachoomba kwa wanaosimamia uvuvi wa Kigoma ni daftari tu. Kila giza linapokwisha, wazee wa mialo waulizwe upepo ulivuma vipi, maji yalikuwa na rangi gani, dagaa walikuwa wapi, na majibu yao yaandikwe kwa maneno yao, pembeni ya vipimo vya joto la maji. Wazee hao wanapungua, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa.