Tundu la Ekzosi na Abiria wa Nyuma

Wenye pikapu kuukuu huanza kujali ekzosi siku inaponguruma mpaka watu mtaani wanageuka. Fundi anachomelea kiraka, kelele zinakwisha, gari linarudi kazini. Mimi huuliza kwanza tundu liko wapi, na nani hupanda nyuma.

Sailensa ndiyo hufa mapema. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita moja. Safari ndefu huyakausha. Ukizoea safari fupi za nyumbani hadi sokoni, yanatuama ndani ya bati pamoja na tindikali ya moshi. Kwa hiyo sailensa huliwa kuanzia ndani: nje rangi bado ipo, ukiichoma kwa bisibisi inazama. Hapo kiraka hakishiki.

Kwenye manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini, ugonjwa ni mwingine. Chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kikipoa, miaka nenda rudi, mpaka bolti zinakatika. Asubuhi ukiwasha utasikia tik-tik-tik inayokwenda kasi kadiri unavyokanyaga mafuta. Injini ikipata moto chuma kinatanuka, mwanya unajiziba, sauti inapotea. Ndiyo maana ukifika gereji saa sita mchana fundi anakuambia gari zima. Liache lilale hapo, aliwashe alfajiri, amulike kandokando ya gasketi: penye masizi meusi ndipo panapovuja.

Moshi unaovujia mbele huweza kupenya hadi kwa dereva. Wa nyuma nao haukimbii wote. Pikapu ikiwa mwendoni, mgandamizo wa hewa nyuma yake hushuka na kuuvuta moshi urudi kwenye bodi. Ukifunika turubai, unaufungia humo. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoing'ang'ania himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Injini ya diseli huitoa kidogo kuliko ya petroli.

Mwaka 1992 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha taarifa kutoka Seattle, Marekani, kuhusu watoto 20 walioathiriwa na gesi hiyo wakiwa nyuma ya pikapu: 17 chini ya kanopi ngumu, 3 chini ya turubai. Mmoja alifariki, mwingine akabaki na athari za kudumu za neva. Kila gari ama ekzosi yake ilikuwa na tundu, ama bomba lake lilitokea nyuma badala ya ubavuni. Na matundu hayo yalikuwa yakijulikana kabla ya safari.

Basi fundi akikukatia bomba jipya, mwambie alitokeze ubavuni, lipite ukingo wa bodi. Na aliye nyuma akilalamika kichwa au kichefuchefu, simama, mteremshe apate hewa, kisha mpeleke hospitali akiwa amekaa mbele, vioo vikiwa wazi.