Nani Amesimamisha Skrini?

Kila anayejifunza Linux hukutana na mkasa huu mapema. Yuko kwenye dirisha jeusi la terminali, ripoti ndefu inapita, na mkono uliozoea kuhifadhi kazi kila dakika unabonyeza Ctrl na S. Skrini inaganda. Anabonyeza Enter, hakuna jibu. Anaandika amri, haionekani. Anaamini seva imekufa au mtandao umekatika, anafunga dirisha na kuanza upya. Kumbe seva ilikuwa hai na mtandao ulikuwa mzima. Yeye mwenyewe aliamuru maandishi yasimame, nayo yakatii. Angebonyeza Ctrl na Q yangeendelea palepale yalipoishia, pamoja na kila alichokiandika kwa hasira wakati ule wa ukimya.

Amri hiyo ilikuwapo kabla terminali za skrini hazijaenea. Teletype Model 33, iliyoingia sokoni mwaka 1963, ilikuwa taipureta iliyofungwa kwenye waya: inapokea herufi, inaipiga kwenye karatasi, herufi 10 kwa sekunde. Ubavuni ilikuwa na kisomeo cha utepe wa karatasi wenye matundu, na kompyuta iliyokuwa upande wa pili wa waya ilihitaji njia ya kukiambia kisimame pale inapolemewa, kisha kiendelee. Zikatengwa alama mbili zisizochapwa katika orodha ya ASCII, ya 19 kwa kusimamisha na ya 17 kwa kuendeleza. S ni herufi ya 19 katika alfabeti ya Kilatini na Q ni ya 17, na kitufe cha Ctrl hugeuza herufi kuwa alama yenye namba yake. Mashine zimekwenda makumbusho, alama zimebaki kazini. Anayekerwa nazo huandika `stty -ixon` katika faili la mipangilio yake na suala linakwisha. Binafsi nashauri afanye hivyo, kwa sababu Ctrl na S ikishaachwa huru, Bash, programu inayopokea amri zako, huitumia kutafuta mbele katika historia ya amri, kazi yenye faida zaidi leo.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi darasani ni kwamba programu inayoendeshwa ndani ya terminali haioni skrini. Haichori chochote. Inatuma herufi moja baada ya nyingine kwenye uzi mmoja, na mwisho wa uzi huo kuna kifaa, siku hizi programu nyingine inayojifanya kifaa, kinachoamua kila herufi iende wapi. Maandishi na maagizo hupita katika uzi uleule. Alama ya 13 humaanisha rudi mwanzo wa mstari. Alama ya 10 humaanisha shuka mstari mmoja. Kwenye teletaipu vilikuwa vitendo viwili tofauti vya chuma. Hadi leo programu inayoonyesha asilimia zikipanda mahali pamoja, 41, 42, 43, inatumia ujanja huo: inatuma 13 bila 10, kisha inaandika juu ya ilichokiandika.

Kusogea kwa maandishi nako kunatoka hapo. Kishale kikiwa mstari wa chini kabisa na alama ya 10 ikafika, kila kitu kinapanda ngazi moja na mstari wa juu unadondoka. Kwenye karatasi ulidondoka nyuma ya mashine, ukaweza kuuokota. Kwenye terminali za kioo za mwanzo ulipotea moja kwa moja, maana kumbukumbu ilitosha skrini moja tu.

Mwaka 1978 kampuni ya Digital ya Marekani ilitoa VT100, terminali yenye mistari 24 ya herufi 80, nayo ndiyo inayoigwa na karibu kila dirisha la terminali tunalofungua leo. Umuhimu wake ni kwamba ilifuata kanuni za pamoja za maagizo, zilizokwisha kuchapishwa Ulaya kama ECMA-48 na ambazo Wamarekani walizipitisha mwaka uliofuata kama ANSI X3.64. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na lahaja yake. Agizo huanza na alama ya 27, ile ya kitufe cha ESC, ikifuatiwa na mabano ya mraba. Tukiiandika ESC kwa ufupi, ESC[2J hufuta skrini nzima, ESC[H hurudisha kishale kona ya juu kushoto, ESC[10;5H hukipeleka mstari wa 10 safu ya 5, na ESC[31m hugeuza maandishi kuwa mekundu mpaka ESC[0m ifike. Jaribu mwenyewe: andika `printf '\033[31mhatari\033[0m\n'` na uone.

Agizo ninalolipenda kuliko yote ni ESC[5;20r. Linaiambia terminali kwamba kuanzia sasa ni mstari wa 5 hadi wa 20 tu unaosogea, iliyobaki itulie. Anayesakinisha programu kwenye Ubuntu kwa `apt` huliona likifanya kazi bila kulijua: majina ya vifurushi yanapanda mbio huku mstari wa maendeleo umetulia chini kabisa. Na kama kazi ikikatwa vibaya katikati, agizo la kurudisha mpaka huenda lisitumwe, ndipo unakuta maandishi yako yanasogea katika sehemu tu ya dirisha.

Kwa nini kujisumbua na mipaka, badala ya kuandika skrini upya kila mara? Jibu lilikuwa kasi ya waya. Bill Joy aliandika kihariri cha vi akiwa chuo cha Berkeley, California, akitumia modemu ya baud 300, yaani herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 kwa 80 ina nafasi 1,920. Kuijaza yote kwa kasi hiyo ni sekunde 64. Hakuna mtu angehariri barua huku kila badiliko likigharimu dakika nzima. Kwa hiyo vi ilijifunza kutuma kile tu kilichobadilika, na Ken Arnold, naye wa Berkeley, alichukua kazi ile ya kuendesha kishale akaijenga kuwa maktaba inayoitwa curses. Maktaba hiyo hutunza picha mbili za skrini kichwani mwake: ile iliyopo mbele ya mtumiaji na ile programu inayoitaka. Mtunzi wa programu anabadilisha ya pili atakavyo. Anapoita `refresh`, curses inalinganisha picha hizo na kutuma tofauti tu, kwa njia fupi inayoweza kuipata. Uzao wake, ncurses, umo katika nano, htop na programu nyingine nyingi.

Ubahili huo si historia tupu kwetu. Kabla mkongo wa SEACOM haujawashwa Julai 2009, mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki na dunia yalipitia setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ishara kupanda, kushuka, na jibu kurudi njia hiyohiyo huchukua karibu nusu sekunde, hata kama hakuna msongamano wowote. Aliyeendesha seva ya Ulaya kutoka Nairobi au Dar es Salaam aliandika herufi akaisubiri irudi kuonekana. Programu iliyopaka skrini nzima upya bila sababu ilikuwa mateso.

Upande wa pili wa suala ni wa msomaji. Nani anaamua maandishi yaende kwa kasi gani? Terminali zilipoharakisha, Ctrl na S haikutosha. Kidole hakiwezi kushindana na mashine. Mwaka 1978 Daniel Halbert, mwanafunzi wa Berkeley, aliandika `more`, inayoonyesha ukurasa mmoja na kungoja. Ilikuwa ya kwenda mbele tu. Mark Nudelman akaleta `less` katika miaka ya 1980, inayorudi nyuma pia na isiyohitaji kusoma faili zima kabla ya kukuonyesha mwanzo wake, ndiyo maana inafungua kumbukumbu za seva zenye uzito wa gigabaiti bila kusita. Vitufe vichache vinatosha maisha yote: nafasi kwenda mbele, b kurudi, / kutafuta, G kwenda mwisho, q kutoka. F kubwa huifanya ikae mwisho wa faili na kuonyesha mistari mipya inapoingia. Weka `| less` baada ya amri yoyote yenye maneno mengi, na mbio zimekwisha.

Lakini ukitoka ndani ya `less` kwa q, ulichokuwa unasoma kinatoweka na amri zako za awali zinarudi. Si hitilafu. Terminali za leo zina skrini mbili, ya kawaida na ya akiba isiyo na historia ya kurudi nyuma. Programu inayotaka dirisha zima hutuma ESC[?1049h kuingia kwenye akiba na ESC[?1049l kutoka. Kwa kihariri ni ustaarabu mzuri. Kwa programu iliyokuja kukupa majibu matatu ikaondoka nayo ni ufidhuli, na nina maoni hayohayo juu ya zile zinazofuta skrini zinapoanza, kana kwamba yaliyokuwapo hayana mwenyewe. Kwa `less`, chaguo la -X huacha maandishi mahali pake. Anayetumia tmux, programu inayoendesha terminali kadhaa ndani ya dirisha moja, naye hujiuliza mbona gurudumu la kipanya halimrudishi nyuma: historia anayo tmux, si dirisha, na huingia humo kwa Ctrl na b, kisha mabano ya mraba yanayofungua.

Programu yenye adabu huuliza kwanza kama mwisho wa uzi kuna terminali kweli. Mfumo una wito wa kujibu hilo, `isatty`. Ndiyo maana `ls` hupanga majina katika safu ukiitazama, lakini ukiielekeza kwenye faili inaandika jina moja kila mstari. Zisizouliza hujaza mafaili ya kumbukumbu kwa [31m na [0m, na mwenye kuyasoma baadaye anadhani faili limeharibika.

Kuna hatari pia. Kwa kuwa maagizo husafiri ndani ya maandishi, faili ulilopewa na mtu usiyemjua linaweza kuficha mistari yake kwa kurudisha kishale na kuandika juu. Hati ya amri ikionekana safi kwa `cat`, haijathibitika kuwa safi. Itazame kwa `cat -v`, ambako kila ESC huonekana kama ^[, au kwa `less`, ambayo kwa kawaida huzionyesha badala ya kuzitii.

Na ukimwaga kwa bahati mbaya faili la picha kwenye terminali, herufi zikageuka mistari na vipembe, huenda alama ya 14 imepita: inaiamuru terminali itumie seti nyingine ya maumbo. Usifunge dirisha. Andika `reset` hata kama huoni unachoandika, kisha Enter. Enter isipoitikiwa, tumia Ctrl na J, ambayo hutuma ile alama ya 10 yenyewe bila kutegemea tafsiri ya mtu mwingine njiani.