Mbabula isilale na watoto

Bandugu batumikaji, mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya Lubumbashi inauma. Wengi wanaingiza mbabula mu chumba, wanafunga dirisha, wanalala. Makala ikiwaka bila hewa ya kutosha inatoa monoksidi ya kaboni: gazi bila harufu, bila rangi, inayokamata nafasi ya oksijeni mu damu. Aliyelala anaweza asiamke.

Chini ya mugodi, kisha kulipua baruti, gazi ile ile iko mu moshi. Hatuingii mpaka ventilasio isafishe hewa. Kule tunadai usalama kwa bwana-kazi. Mu nyumba, bwana-kazi ni sisi.

Muote moto inje, muache mbabula inje, mulale na mablanketi. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikianza, mutoe watoto inje, mukimbie hospitali.