Sanduku la kumbukumbu lafungua midomo iliyofungwa

MAMA mmoja wa hapa Machakos alikuja kwangu mara tatu akilalamika kuwa hapati usingizi. Mara ya tatu ndipo alipofunguka. Ana virusi vya ukimwi, anameza dawa kila jioni, na binti yake wa miaka 10 ameanza kuuliza ni dawa za nini.

"Nilimwambia ni za kichwa, daktari," alisema. "Sasa akiumwa na kichwa ananiomba moja."

Msomaji, mama huyu hakuhitaji vidonge vya usingizi. Alihitaji njia ya kuzungumza na mtoto wake. Njia moja iliyojaribiwa na jirani zetu ni kitabu au sanduku la kumbukumbu.

Yalianzia wapi?

Nchini Uganda, wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi waliunda chama chao, NACWOLA, mwaka 1992. Katika miaka hiyo ya 1990, dawa za kupunguza makali ya ukimwi hazikuwafikia maskini. Akina mama hao wakaanza kuwaandalia watoto wao vitabu: picha za wazazi, jina la ukoo, mahali mtoto alikozaliwa, nani aliyempa jina, na ugonjwa wenyewe. Wengi waligundua kwamba kazi ya kubandika picha ndiyo iliyowapa ujasiri wa kusema.

Afrika Kusini nako, mwaka 2002, kikundi cha Bambanani cha Khayelitsha, Cape Town, kilichora picha za ukubwa wa mtu mzima. Mtu alilala juu ya karatasi, mwenzake akamchora kwa kufuata ukingo wa mwili, kisha mwenyewe akajaza rangi, makovu, virusi na matumaini yake.

Husaidiaje?

Mtoto asiyeambiwa kitu hubuni chake, na mara nyingi hujilaumu. Mikono inaposhika picha au leso, mdomo nao hulegea, na mtoto huuliza kidogo kidogo, kwa kadiri anavyoweza kubeba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2011, linashauri mtoto wa umri wa kwenda shule aelezwe hali ya afya yake na ya mzazi wake. Aliye mdogo zaidi aelezwe hatua kwa hatua.

Sanduku hili hufaa pia nyumba yenye mzee anayepoteza kumbukumbu. Kwa kawaida mambo ya zamani hukawia kufutika kuliko ya jana. Picha ya ujanani au kinyago alichochonga mwenyewe kule Wamunyu huweza kumrudishia mazungumzo, ingawa hakiponyi ugonjwa.

Namna ya kutengeneza

Kasha la viatu latosha. Andika nyuma ya kila picha majina, mahali na mwaka. Chagua vitu vichache vyenye hadithi: kiondo cha nyanya, kadi ya kliniki ya utotoni, kijiko cha mbao, barua. Eleza kila kimoja kwa sentensi mbili tatu. Mwache mtoto naye atie cha kwake. Liweke mbali na unyevu na mchwa.

Tahadhari ni tatu. Usimlazimishe mtu kusema asiyotaka. Usionyeshe wengine picha au siri ya mtu bila idhini yake. Na kabla ya kumweleza mtoto kuhusu virusi, zungumza kwanza na mshauri wa kliniki unakochukua dawa.

Wengine wataniambia kwamba kuandaa sanduku ni kujiitia kifo. La hasha. Dawa za kupunguza makali ya ukimwi hutolewa bila malipo katika hospitali za umma nchini Kenya tangu mwaka 2006, na anayezimeza ipasavyo anaweza kuishi hadi akawaona wajukuu. Sanduku linajazwa na mtu aliye hai, pamoja na watoto wake, na kila mwaka lina jipya la kutiwa.

Yule mama alirudi baada ya miezi miwili. Binti alikuwa ameambiwa, amelia, kisha ameuliza maswali mengi. Katika kasha lao alitia kopo tupu la dawa. Siku hizi ndiye anayemkumbusha mama yake saa ya kumeza ikifika, na usingizi umerudi.